Diko Alilofungua Mama Mkwe

Mama unayesoma hapa, kama bado unapara samaki pale pale unapochota maji, weka kisu chini kwanza. Nitakusimulia yaliyotukuta sisi wa Kikalanga, upande wa Salale, halafu ukitaka kurudi kupara, rudi. Lakini utakuwa umeambiwa.

Huku kwetu bomba hatuna. Maji yakipwa, chumvi inarudi baharini na mto unakuwa mtamu, ndipo wanawake tunateremka na ndoo. Pahala pa kuteremkia tunapaita diko. Hapo ndipo mitumbwi inafungwa, samaki wanaparwa, vyombo vinaoshwa, na maji ya kunywa yanachotwa. Yote hapo hapo. Diko letu lilikuwa na ubao mpana juu ya nguzo, ncha moja mtu anapara, ncha ya pili mtu anachota. Wakwe zetu walifanya hivyo, na sisi tukafanya.

Na diko halifunguliwi ovyo. Pakipatikana pahala papya, anatafutwa mwanamke mtu mzima kuliko wote. Anasoma dua, anatia mguu wa kulia majini, anachota kata ya kwanza. Baada yake ndiyo wengine wanateremka. Kwetu mtu huyo ni Bi Mwanabibi, mama mkwe wangu, aliyemzaa mume wangu Kondo.

Mimi mwenzenu ni mwoga, sifichi. Binti yangu Yasmin akichelewa kidogo kutoka shule, nishafika njiani, kanga mdomoni. Kwa hiyo mambo ya mamba yalipoanza, usingizi wangu ulikuwa wa kwanza kuondoka.

Alianzia kwenye diko la zamani. Akachukua mbwa. Akachukua mbuzi wa Mashaka, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Tukasema pahala hapa pameharibika, tuhame. Tukang'oa ubao wetu, tukaubeba vichwani, tukausimika juu zaidi ya mto, na mama mkwe akafungua. Hatujakaa sawa, mamba huyo, kanyakua ndoo mkononi mwa mtu. Tukahama tena, tukavuka kijito, na ubao wetu kichwani. Mama mkwe akafungua tena. Pale ndipo Swaumu alipokamatwa mguu.

Swaumu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alikuwa ameinama anachota, nikasikia kelele ambayo mpaka leo sijaisahau. Wanawake tulimshika kanga, tukamshika nywele, tukamshika popote. Kondo alikuwa anafunga mtumbwi, akaja na pondo lake la kusukumia mtumbwi, akawa anamchoma mamba machoni mpaka akaachia. Swaumu alipelekwa kwa boti, kisha kwa gari, hadi hospitali Kibiti. Alhamdulillahi alirudi. Alirudi na fimbo, lakini alirudi.

Sasa sikiliza ubaya ulipoingia. Siku chache kabla ya hapo, bata wa Swaumu waliingia kwenye mpunga wa mama mkwe, umeanikwa uani, wakala wakatosheka. Mama mkwe akapandwa na hasira, akasema, na kitongoji kizima kikasikia: "Wewe Swaumu, na bata wako hao, utakuja kukiona!"

Wazee wa huku wakiwa mtoni hawamtaji mamba kwa jina. Wanamwita Mwenyewe. Na Mwenyewe, wanasema, yupo wa Mungu na yupo wa kutumwa na mchawi. Watu wakaanza kukokotoa. Madiko yote nani kayafungua? Bi Mwanabibi. Mamba yuko wapi? Kila alipotia mguu Bi Mwanabibi. Swaumu aliapizwa na nani?

Mashaka alikuja kwetu na wazee wawili. Tukatandika mkeka, wakakataa kukaa. Na mtu akikataa mkeka wako, amekuja na neno.

"Bi Mwanabibi," Mashaka akasema, "tumeona ni vizuri ukapumzike kwa kaka yako, Ngarambe. Hatukufukuzi. Tunakuomba tu."

"Mnaniomba mpaka lini?"

"Ijumaa kuna kikao. Baada ya kikao, boti itakuwepo."

Mama mkwe alikuwa anasuka ukili wa mkeka, wala hakuuweka chini. "Mashaka, mimi ndiye niliyekupokea mamako alipojifungua. Ningekuwa na mamba wa kutuma, ningemtuma siku ile ile, ungali mlaini."

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mashaka hakucheka.

Walipoondoka, mama mkwe akaendelea kusuka, lakini niliona ule ukili unakwenda upande. Neno kama lile, mtu akiondoka nalo kijijini kwake, linatangulia kufika anakokwenda. Tumesikia habari za vikongwe waliofuatwa nalo mpaka walikokimbilia, na mwisho wao haukuwa mzuri. Kondo alikuwa anazunguka uani kama kuku aliyekanyagwa. Mimi nililia. Ndipo Yasmin akasema, akiwa mlangoni na sare za shule:

"Mama, siyo bibi. Ni Ushuru."

"Ushuru gani?"

"Mamba. Yule mwenye pengo mkiani. Sisi kituoni tumempa jina Ushuru."

Hapa nieleze kituo. Mdomoni mwa mto, mikoko inapoachia bahari, kuna hifadhi na kituo cha watafiti. Sisi tunapaita Kwa Wahesabu Ndege, maana walipokuja mara ya kwanza hawakufanya kingine ila kukaa matopeni na kuhesabu ndege. Siku hizi wanaangalia mamba, kasa, popo, kila kitu. Na kila Jumamosi boti yao inakuja kuchukua watoto wa darasa la sita, wanafundishwa habari za viumbe. Mimi nilikubali Yasmin aende kwa shida sana, baada ya kuhakikisha koti la kuelea linafungwa mpaka kidevuni.

Sasa nasikia mwanangu anakwenda kule kuwapa mamba majina! Nikapanda mtumbwi na Kondo, tukaenda. Mwalimu wao anaitwa Haruna, kijana wa Kibiti, Mmatumbi, mtani wetu sisi Wandengereko. Nilianza kumsema kabla sijakanyaga chini.

"Wewe mtani, nimekupa mtoto umfundishe, wewe unamfundisha kuita mamba majina kama kuku wa nyumbani?"

"Karibu Mama Yasmin," akasema. "Mndengereko akija amenuna, najua nyumbani kitoweo kimekosekana."

"Usinichekeshe. Mama mkwe wangu anafukuzwa."

Akaacha utani. Nikamweleza yote, akatikisa kichwa. "Nilimfuata mwenyekiti mapema kabisa, alipochukuliwa mbwa. Akaniambia mambo ya mila nisiyaingilie. Njoo uone."

Wana kibanda chao cha kuchungulia, kimeinuliwa juu ya nguzo ndefu, kama dungu letu la kulindia mpunga. Nikapanda nimeikumbatia ngazi. Akanipa darubini. Kutoka pale unaona mto mpaka diko letu, lile lile la Swaumu, maana pengine pa kwenda hatukuwa bado napo. Na upande wa pili, kwenye tope, kalala mamba. Haruna akanionyesha mkia wake: wale wengine magamba ya mkiani yamesimama kama meno ya msumeno, huyu ana pengo.

"Huyo ndiye Ushuru," akasema. "Tazama tu."

Nikatazama. Watu wanapita na mitumbwi, yeye kalala. Ndege wanatembea karibu na mdomo wake, yeye kalala. Nikasema moyoni, huyu kafa huyu. Mara ikasikika mashine ya boti ya wavuvi wa kamba inarudi. Basi, yule mnyama akainuka, akateleza majini, nikaona pua na macho tu vinakwenda, moja kwa moja kama mtu aendaye kazini, mpaka chini ya ubao wetu. Na juu ya ubao wanawake wameshachuchumaa na visu. Matumbo ya samaki na vichwa vya kamba vinamiminwa majini.

"Watoto ndio walioanza kumwita hivyo," Haruna akasema. "Kila samaki wakishushwa, yupo kuchukua chake."

Nilikuwa nautazama ule ubao. Ubao ule ule. Kila tulipohama tuliung'oa, tukaubeba kichwani, tukausimika tena, na samaki wetu na visu vyetu. Tulikuwa tunamkimbia mamba huku tumembebea sahani yake.

Nikashuka kwenye kile kibanda, nikamwambia Kondo turudi nyumbani.

Ijumaa baada ya swala, kikao kikakaa kwenye baraza la shule. Mama mkwe alikaa mbele, kavaa baibui yake ya Idi. Mashaka akazungumza, wazee wakazungumza, ikaonekana limekwisha. Mimi katika maisha yangu sijawahi kusimama kikaoni. Siku hiyo nikasimama, hata sauti ikatoka nyembamba.

"Mwenyekiti, naomba mama mkwe wangu afungue diko moja zaidi kabla hajaondoka."

Watu wakaguna. Mtu akasema, "Bado hajatumaliza?"

"Hili liwe la maji tu. Hapana samaki, hapana kisu, hapana sufuria la jana. Na ule ubao wa kuparia nitautoa mimi, niusimike juu ya ukingo mrefu kule chini, mto unakoshukia baharini, nifungue mimi kwa mguu wangu. Mimi sijawahi kufungua diko. Sina bata niliyegombana naye. Tuone Mwenyewe atamfuata nani: Bi Mwanabibi au ubao."

Kondo akanivuta kanga. "Mke wangu, akija kwako je?"

Hapo ndipo nilipoona nilichokisema. Mamba akija kwangu, kwa hesabu yao, mchawi ni mimi. Nina mtoto mmoja na roho ya kushtuka. Lakini mama mkwe alikuwa ananitazama, na sikuweza kukaa chini.

"Akija, amekuja," nikasema.

Mashaka akakubali, nadhani kwa kutaka kumaliza maneno. Haruna alikuwepo, akaweka masharti: tukae juu ya ukingo mrefu, mtu asitie hata kidole majini, na jambo lile lisiendelee. "Hifadhi hailishi mamba," akasema. "Mkimzoesha mkono wa mtu, mtakuja kunililia. Mkishaona mlichotaka kuona, matumbo yote yafukiwe shambani."

Basi. Mama mkwe akafungua diko lake karibu na minazi ya Kondo. Kabla ya kutia mguu akamgeukia Yasmin: "Mke mwenzangu, nikiliwa, mume nakuachia. Umpikie uji mlaini, meno hana."

"Bibi, babu si alishakufa?"

"Ndiyo maana nakuachia."

Akasoma dua, akatia mguu, akachota. Hakuna mwanamke mwingine aliyethubutu kuteremka ila mimi, na mimi nilichota kwa kamba, nimesimama mbali, macho yamenitoka. Tena sikumruhusu Yasmin hata kukaribia.

Kule chini nikasimika ubao juu ya ukingo. Wavuvi wakaleta samaki, tukawaparia pale juu, nikamimina karai la matumbo kutoka juu. Kitongoji kizima kilisimama nyuma, wengine juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Tulifanya hivyo kila boti iliporudi. Kwa mama mkwe, maji yalibaki meupe, kimya. Kwangu, kimya vile vile. Nikaanza kukata tamaa. Nilikuwa nataka aje na nilikuwa namwomba Mungu asije, yote kwa pumzi moja.

Halafu jioni moja kabla ya magharibi Yasmin, aliyepewa darubini na Haruna, akasema polepole: "Huyo."

Mashaka akaomba darubini. Akaiweka machoni, akasema, "Mbona sioni kitu, naona gogo tu." Gogo likafungua mdomo. Mwenyekiti aliruka nyuma akamkanyaga mzee wake, kofia huko, darubini huko. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yasmin akaokota darubini, akaifuta kwa kanga yangu, akasema, "Mwenyekiti, tazama mkia. Uone pengo." Akatazama. Akaliona.

Kicheko kikafa. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Basi mchawi ni Mama Yasmin!"

Nilikuwa nalisubiri neno hilo, na bado liliponifikia lilinichoma. Nikaona watu wananiachia nafasi pembeni. Kondo akaja akasimama karibu yangu. Nikawaza, nimemtoa mama shimoni nikaingia mimi.

Ndipo ikasikika fimbo. Tok, tok, tok. Swaumu. Tangu atoke hospitali alikuwa hajakaribia maji hata kidogo, na yeye na mama mkwe walikuwa hawajasalimiana. Akapita katikati ya watu.

"Nipeni mimi hilo karai."

"Swaumu, wewe tena?" Mashaka akasema.

"Ndiyo, mimi. Mwenye mguu ulioliwa ni mimi, si nyie. Kesho ubao uhamishiwe ukingo wa kule juu, nafungua mimi. Akinifuata na mimi, mtaniambia nimejitumia mwenyewe?"

Mashaka akaenda kuokota kofia yake.

Kesho yake ubao ukahamia juu. Swaumu akamimina karai, mkono mmoja kwenye fimbo, mimi nimemshika kiuno kwa nyuma kwa nguvu zangu zote. Maji yalipopwa, pua na macho vikaja. Moja kwa moja, kama mtu aendaye kazini. Kule kwa mama mkwe, maji matupu, bata wanaogelea. Bata wa Swaumu, tena.

Mtu akapiga kigelegele, sijui nani. Kisha wote. Wanawake wakaanza kupiga kelele, "Kesho nafungua mimi!" "Na mimi!" "Mwenyekiti naye afungue lake!" Yasmin ndiye aliyesema hilo la mwisho, na sikumkemea. Haruna akapaza sauti juu ya kelele zote kwamba imetosha, hakuna kufungua tena, matumbo yakafukiwe. Tukamtii. Jioni ile ile tukachimba shimo kwenye bustani ya mipapai, mbali na mto, tukafukia kila kitu. Ubao tukausimika hapo hapo bustanini, juu ya nchi kavu. Haujarudi majini tena.

Kulipopambazuka Mashaka alikuja nyumbani. Tukatandika mkeka, mikono yangu bado haijaamini. Akavua viatu, akakaa. Akakaa katikati kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama mkwe akasema, akiendelea na ukili wake. "Boti ipo?"

Mashaka akainama, akakuna kichwa. "Boti ipo, mama. Lakini imekwenda kuchukua nguzo za uzio. Kituo kimetuombea kibali cha kuzikata. Diko lako tunalizungushia nguzo mpaka majini. Na kulifungua upya… hatujaona mwingine."

"Nifikirie," mama mkwe akasema. Alimfanya angoje mpaka chai ikapoa, hakumwonea huruma hata kidogo. Halafu akakubali.

Siku ya kufungua walikuja mpaka watu wa Mbwera na boti zao, maana habari ilikuwa imeshafika. Watoto wa Jumamosi waliimba wimbo waliotunga wenyewe wa Ushuru kukosa ushuru wake. Mama mkwe alipofika kwenye maji alisimama, akamtafuta Swaumu kwa macho. "Njoo," akasema. "Na fimbo yako." Wakatia mguu pamoja ndani ya uzio, wa kulia wa huyu na wa kulia wa yule, ule wenye kovu. Vigelegele vilifika mikokoni, ndege wote wakaruka, Haruna akashika kichwa: alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuwahesabu.

"Na bata wako," mama mkwe akamwambia Swaumu wakiwa bado majini, "uwafunge."

"Nitawafunga, mama."

Hajawafunga.

Mamba hatukumuua. Yupo kule mdomoni mwa mto, anawinda samaki wake mwenyewe, watoto wanamwona kila Jumamosi wakiwa kibandani. Kwetu hana anachokifuata. Mimi bado nasimama njiani Yasmin akichelewa, hilo halitaniacha. Lakini maji nateremka nachota, na mama mkwe wangu yupo uani anasuka, anamtania mjukuu wake.

Kwa hiyo wewe mama mwenzangu uliye mtoni, kabla hujamtafuta mchawi, tazama unachokimwaga na pahala unapokimwaga. Fukia matumbo mbali na maji. Mtoto asiinamie mto palipoparwa samaki, hata kama ni jana. Na siku mkihama diko, nakuomba, nakuomba sana: ubao wa kuparia msiubebe.